Kutoka Gumbo hadi kaburi la Garang: siku ya sanaa kwa anayesubiri mzigo

Lori likishaegeshwa Gumbo, ng'ambo ya mashariki ya Mto Nile jijini Juba, biashara hugeuka kuwa kusubiri. Makaratasi yako kwa wakala wa forodha, dereva amejilaza kwenye mkeka chini ya tela, utingo anatafuta maji ya kuoga, na mwenye mzigo amebaki kuhesabu vikombe vya chai. Wapo wanaokaa siku mbili, wapo wanaokaa wiki nzima. Ukiwauliza habari za Juba watakueleza bei ya dola asubuhi hiyo, bei ya mfuko wa saruji, na ofisi ipi ina foleni ndefu. Mji wenyewe wameupita mara nyingi bila kuutazama.

Asije mtu akavuka daraja akiuliza njia ya jumba la makumbusho ya sanaa, kama angeliulizia Nairobi au Kampala. Juba haijajengewa jumba la namna hiyo. Lakini sanaa ipo. Iko kwenye mabango ya vinyozi, kwenye kuta za barabarani, kwenye mashuka ya kitandani na kwenye uwanja alikozikwa John Garang. Nyingine, ya zamani kuliko yote, iko Ulaya ndani ya makabati ya vioo, na namna ilivyofika huko ni habari inayowahusu wafanyabiashara moja kwa moja.

Matembezi yanaweza kuanzia mfukoni. Paundi ya Sudan Kusini ilianza kutumika tarehe 18 Julai 2011, siku 9 baada ya uhuru, na noti zake zote zina sura ya Garang upande wa mbele. Ukizigeuza unakutana na nchi yenyewe: twiga, ng'ombe wa pembe ndefu, ndovu, simba. Ni picha ambazo kila mchuuzi wa Gumbo hushika mara mia kwa siku. Kwa jinsi paundi ilivyoshuka thamani, anayeuza katoni chache tu za mafuta ya kupikia huondoka na picha za Garang kwa mabunda, na pengine ndiyo sababu hakuna anayezitazama.

Jina la mtaa nalo si geni kwa sikio la Mswahili. Wenyeji husema Gumbo Sherikat, na Sherikat kwa Kiarabu ni makampuni, neno lililozaliwa na ndugu yake "shirika" la Kiswahili. Hapa barabara ya lami kutoka Nimule, yenye urefu wa kilomita 192 na iliyokamilishwa mwaka 2012 kwa fedha za Marekani, inamwaga mizigo ya Mombasa, Malaba, Kampala na Gulu. Kwa muda mrefu hiyo ndiyo imekuwa barabara kuu ya lami inayoiunganisha Juba na majirani zake wa Jumuiya ya Afrika Mashariki, ambayo Sudan Kusini ilijiunga nayo mwaka 2016.

Mizigo huja na picha zake. Tela linalotoka pwani huwa na maandishi nyuma, jina la Mungu, jina la mama mzazi au kijembe kwa wanaomwonea gere mwenye gari, pamoja na vikinga tope vyenye nyota au simba. Pembeni mwa barabara mafundi wa mabango wa Gumbo hujibu kwa rangi zao. Kinyozi amechorewa vichwa vinne, kila kimoja na mtindo wake, bei chini. Duka la dawa lina msalaba na mwanamke mwenye mtoto. Gereji ina spana kubwa kuliko gurudumu. Vibanda vya simu vimepakwa njano au rangi nyingine ya kampuni kuanzia msingi hadi paa, kiasi kwamba mtaa mzima huonekana kama bendera ya mtandao fulani. Maandishi ni ya Kiingereza, Kiarabu cha Juba kwa herufi za Kirumi, na Kiswahili, mara nyingine yote matatu katika bango moja lisilozidi upana wa mlango.

Kwenye kuta rasmi utamwona ndege. Ni furukombe, tai anayevua samaki, aliyewekwa kwenye nembo ya taifa mwaka 2011 akiwa na ngao, mkuki na jembe. Mchora mabango anayepewa kazi ya shule au ofisi lazima ajue kumchora, na kwa kuwa kila mmoja ana mkono wake, yuko furukombe mkali, yuko aliyenona kama bata, na yuko mwenye macho ya mtu. Ukitembea kutoka tela hadi mtoni ukiwalinganisha, umeshaona maonyesho ya kwanza ya siku.

Kazi hii ya mkono iko hatarini, na haifai kulizunguka jambo hilo. Bango la plastiki linalochapwa kwa mashine ni la haraka, na picha yake hufanana na ya kwenye simu. Mwenye duka hawezi kulaumiwa. Ila bango la mashine likikaa kwenye jua la Juba hupauka hadi sura ya mtu inabaki kivuli cha bluu, ilhali rangi ya mafuta iliyopakwa juu ya bati hudumu. Rangi yenyewe, kama saruji na unga, huja kwa njia ya Nimule. Mfanyabiashara anayeleta makopo ya rangi Gumbo amebeba pia kibarua cha fundi wa mabango, hata kama kwenye hati ya mzigo imeandikwa kilo tu.

Kabla ya kufika darajani, anayejua historia husimama kidogo akautazama mto kuelekea kaskazini. Nchi hii ya ukingo wa mashariki ni ya Wabari. Chini kidogo ya Juba, upande huu huu, palikuwa na Gondokoro, kituo ambacho katikati ya karne ya 19 kilikuwa mwisho wa safari kwa mashua zilizopanda Nile kutoka Khartoum. Mapadri Wakatoliki walijenga misheni hapo katika miaka ya 1850, wakiongozwa na Ignacij Knoblehar, Mslovenia. Wafanyabiashara wa pembe za ndovu walifika wakiwa na shanga na bunduki. Pembe zilivyozidi kuwa adimu, wengi wao waligeukia kukamata watu. Februari 1863 ndipo John Hanning Speke na James Grant walipotokea Gondokoro kutoka kusini, baada ya safari iliyoanzia Zanzibar, wakamkuta Samuel Baker akiwa ametangulia kufika kutoka kaskazini. Njia mbili za biashara, ya Nile na ya pwani ya Waswahili, zilikutana mahali ambapo leo tela la Mombasa linaegeshwa karibu yake.

Wageni hao hawakuondoka mikono mitupu. Knoblehar alipeleka kwao vitu vya Wabari na majirani zao, na leo mkusanyiko wake uko katika Makumbusho ya Etnografia ya Slovenia, mjini Ljubljana. Franz Binder, mfanyabiashara aliyezaliwa Transylvania na kufanya biashara kwenye Nile Nyeupe, alikabidhi mkusanyiko wake nyumbani katika miaka ya 1860. Makumbusho ya etnografia ya mji wa Sibiu, Romania, yana jina lake hadi leo. John Petherick, Mwelisi aliyeuza pembe na kuwa konseli wa Uingereza mjini Khartoum, naye alikusanya silaha na mapambo. Baadhi ya vitu vyake vimeishia Makumbusho ya Pitt Rivers, Oxford, ambako vitu vya Sudan Kusini vinahesabiwa kwa mamia mengi. Vienna nako kuna vinyago vya Kibari.

Vinyago hivyo ni vichache duniani na ni vya ajabu kwa utulivu wake. Ni watu wembamba wa mbao, wamesimama wima, mikono imeshuka kando ya mwili, uso umefanywa kwa mikato michache. Havina urembo mwingi wala havitishi. Mchongaji wake hakuandikwa jina na mtu yeyote. Aliyeandikwa ni mnunuzi.

Hapo kuna jambo la kufikiria kwa wasomaji wa ukurasa huu. Waliokusanya vitu hivyo walikuwa wasafirishaji wa mizigo. Walipandisha shanga, wakashusha pembe, na kwenye nafasi iliyobaki ndani ya mashua wakatupia mkuki, kigoda, sanamu. Walilipa nini, au kama walilipa, mara nyingi haijulikani. Leo kijana Mbari wa Gumbo anayetaka kuona kazi ya mkono wa babu wa babu yake anahitaji viza ya Ulaya.

Madaraja ni mawili. Lile la zamani la vyuma, lililojengwa miaka ya 1970, ndilo lililobeba mji mzima mgongoni kwa miongo kadhaa. Daraja la Uhuru, lililojengwa kwa msaada wa Japani, lina urefu wa mita 560 na lilifunguliwa Mei 2022, baada ya ujenzi kukatizwa mara mbili na vita. Mtu akitaka kuona kazi ya uhandisi yenye umbo la kupendeza, alitazame hili la pili. Kutazama tu, lakini. Kupiga picha madarajani na kwenye majengo ya serikali kunaweza kumtia mgeni matatani na askari, na hata kwingineko mjini kamera bila kibali huleta maswali. Simu ibaki mfukoni mpaka umepewa ruhusa. Sheria hiyo ya kimya ina gharama yake kwa sanaa ya Juba: michoro mingi ya ukutani imekuja na kufutika bila kupigwa picha na mtu.

Ng'ambo ya pili, mguu unaelekea wenyewe soko la Konyo Konyo. Waganda, Wakenya, Wakongo na Waeritrea wana vibanda huko pamoja na wenyeji, na Kiswahili kinasikika bila kukitafuta, kikiwemo cha vijana wa Sudan Kusini waliokulia kambi ya Kakuma, Kenya. Wengi huja hapa kwa nyanya, vitenge na mitumba. Anayetaka sanaa aulize vitu viwili, shanga na milaya.

Shanga ni habari ndefu. Kwa Wadinka, mavazi ya kifuani yaliyoshonwa kwa shanga yalionyesha kwa rangi zake rika la mvaaji, kwa hiyo mtu alisomeka kwa mbali kama bendera. Misafara iliyotoka Bagamoyo enzi hizo ililifahamu jambo hilo kwa uchungu: shanga ya rangi iliyopendwa mwaka jana ingeweza kukataliwa mwaka huu, na mwenye mzigo akabaki na magunia yasiyonunua hata kuku. Katika Juba ya baada ya vita, mradi wa Roots ulioanzishwa na Anyieth D'Awol uliwakusanya wanawake wa makabila mbalimbali chini ya paa moja kushona shanga, kila mmoja akileta mtindo wa kwao na kujifunza wa mwenzake. Katika mji ambao watu waliwahi kuuawa kwa ajili ya kabila, kukaa mkeka mmoja na sindano mkononi si jambo dogo.

Milaya inastahili muda zaidi, kwa sababu ni sanaa ambayo mfanyabiashara anaweza kuipima kwa macho yake mwenyewe. Neno ni la Kiarabu, shuka. Kitambaa cha pamba hukatwa, mara nyingi cheupe, kisha ua, tausi au jozi ya ndege huchorwa kwa kalamu, halafu mwanamke hukaa na fremu ya mviringo na nyuzi za rangi na kudarizi kwa mkono mpaka mchoro umefunikwa wote. Shuka moja kubwa lenye pindo zilizofumwa linaweza kumaliza wiki nyingi za jioni. Hutandikwa kitandani mgeni anapokuja, hutundikwa ukutani siku ya harusi, hufunika viti, na bibi arusi asiye na milaya zake huhesabiwa hajajiandaa. Mtu wa Lamu au Unguja anayejua kazi inayoingia kwenye kofia ya kushonwa kwa mkono haelezwi mara mbili kwa nini bei iko juu.

Milaya zimetembea pia kwa sababu ya vita. Mapigano yalipozuka upya mwaka 2016, mamia ya maelfu ya watu wa Equatoria walivuka kuingia Uganda, na kambi ya Bidi Bidi katika wilaya ya Yumbe ikawa miongoni mwa kubwa zaidi duniani. Wanawake wengi walibeba vitu vyao vimefungwa ndani ya milaya, na walipopewa kipande cha ardhi na turubai, walizitundika. Mpiga picha Nora Lorek aliwapiga picha wenyeji wa kambi mbele ya mashuka hayo, na kazi hiyo ilifika kwenye jarida la National Geographic. Hivyo ndivyo ukuta wa hema ulivyogeuka maonyesho. Lakini mnunuzi wa Kampala au Eldoret anayepita Gumbo kila mwezi akiwa na tela tupu la kurudi, ni mara chache amewahi kuuliza bei ya milaya. Malori huja Juba yamejaa na kuondoka yakipiga kelele za mabati matupu. Kila mtu barabarani hulalamikia jambo hilo, na hapa kuna bidhaa nyepesi, isiyooza, isiyovunjika, inayotengenezwa na wanawake wasio na njia ya kuifikisha sokoni nje ya nchi.

Kutoka Konyo Konyo hadi Kator si mbali. Kanisa Kuu la Mtakatifu Teresa liko huko, na viwanja vyake huwa na kivuli, jambo ambalo saa sita mchana katika Juba lina thamani kuliko mchoro. Malakia, mtaa wa kale wa askari waliostaafu na familia zao, uko njiani. Ukifika katikati ya mji, tazama juu ya vibao vya maduka: baadhi ya majengo ya zamani ya mawe na baraza zenye matao yalijengwa na wafanyabiashara wa Kigiriki katika miongo ya kwanza ya Juba, mji ambao wenyewe ulianza miaka ya 1920. Hakuna anayeyatunza kama urithi. Yamepakwa, yametobolewa, yamewekewa jenereta mlangoni, na yanaendelea kufanya biashara.

Kuta ndizo zilizobeba maneno makubwa zaidi ya muongo uliopita. Baada ya mapigano ya Julai 2016 jijini Juba, kundi la wasanii vijana waliokutana Nairobi lilirudi na jina Ana Taban. Kwa Kiarabu cha Juba maana yake nimechoka, na Mswahili hahitaji mkalimani, maana anayo "taabani" yake. Walikuwemo mwigizaji Jacob Bul, mwanamuziki Manasseh Mathiang na mchoraji Abul Oyay. Waliimba, wakaigiza barabarani, na wakapaka kuta za mji kwa picha za amani, rangi kali, sura za watu wa kawaida. Walifanya hivyo katika mji uliokuwa na maiti wiki chache kabla, chini ya serikali isiyopenda kuulizwa. Kusema umechoka, bila kutaja nani amekuchosha, kulikuwa njia ya kusema mengi na kulala nyumbani.

Michoro ya aina hiyo haina maisha marefu. Ukuta una mwenyewe, na mwenyewe akipata mpangaji mpya hupaka upya. Mvua ya Aprili hadi Oktoba hula rangi ya maji kuanzia chini. Bomoabomoa ya kupanua barabara haiulizi. Anayetembea leo anaweza kuona mabaki hapa na pale, jicho, mkono, kipande cha bendera, na juu yake tangazo la shule binafsi. Mji wenye jumba la makumbusho ungekuwa umehifadhi walau michoro ya awali na picha zake.

Mwisho wa matembezi ni mahali ambapo nchi ilizaliwa. Garang alikufa tarehe 30 Julai 2005 helikopta ilipoanguka akirudi kutoka Uganda, siku 21 tu baada ya kuapishwa kuwa Makamu wa Kwanza wa Rais wa Sudan. Alizikwa Juba Agosti 6. Kwenye uwanja wa kaburi lake ndipo bendera ya Sudan Kusini ilipopandishwa tarehe 9 Julai 2011, na siku hiyo hiyo sanamu yake kubwa ikazinduliwa mbele ya viongozi wa Afrika. Februari 5, 2023, Papa Francis aliongoza misa katika uwanja huo huo. Ni sanamu ya kawaida ya shujaa wa taifa, ya aina inayoonekana katika miji mingi mikuu, na kama kazi ya sanaa haizidi furukombe mzuri wa Gumbo. Nguvu yake inatoka kwa watu waliosimama chini yake siku ile, wengi wakiwa na majina ya ndugu ambao hawakufika.

Wapo na wengine ambao hawana sanamu. Barabara ya Nimule imewaua madereva wa Kenya na Uganda katika mashambulizi ya kuvizia, na mwaka 2021 madereva waligoma kuingia Sudan Kusini mpaka wahakikishiwe usalama. Majina yao yanakumbukwa kwenye vibanda vya chai vya Gumbo na Elegu kuliko kwenye jiwe lolote. Fundi wa mabango yuko mita chache kutoka vibanda hivyo, ana brashi na ana bati. Chama chochote cha madereva kingeweza kumpa kazi hiyo wiki hii bila kungoja wizara.

Jumba la taifa, likija, halitaanza na mikono mitupu. Nyaraka za serikali za tangu mwanzoni mwa karne iliyopita, ambazo kwa miaka kadhaa zilikaa ndani ya hema jijini Juba zikiliwa na mchwa na unyevu, zilipangwa na kuanza kunakiliwa kidijitali kwa ushirikiano wa wizara, UNESCO na Taasisi ya Rift Valley. Kituo cha Utamaduni cha Nyakuron, upande wa magharibi wa mji, kina ukumbi ambao umepokea ngoma, maigizo na matamasha tangu enzi za Sudan moja. Likikiri Collective, kikundi kilichochukua jina lake kutoka neno la Kibari la hadithi, kimekuwa kikikusanya simulizi na kuzigeuza kuwa sanaa na vitabu. Kinachokosekana ni paa moja, na fedha katika nchi ambayo hata mishahara ya watumishi huchelewa miezi.

Majirani wameonyesha kwamba vilivyoondoka vinaweza kuhesabiwa, na hata kurudi. Wakenya, kupitia mradi wa orodha ya kimataifa, waliorodhesha vitu 32,321 vya Kenya vilivyomo katika taasisi 30 za nje, na mwaka 2021 Makumbusho ya Taifa ya Nairobi yakaweka maonyesho yenye makabati matupu, ili watu waone ukubwa wa pengo. Makumbusho ya Uganda, yaliyoanzishwa mwaka 1908, yalipokea Juni 2024 vitu 39 kutoka Chuo Kikuu cha Cambridge, kwanza kwa mkopo wa miaka 3. Masharti ya mkopo yaliwaudhi wengi, kwa haki, maana mtu haazimwi kilicho chake. Lakini vitu viliwasili, na viliwasili mahali penye rafu, kufuli na mtaalamu wa kuvipokea. Ljubljana ikikubali kesho kuwarudishia Wabari vigoda vyao, swali la kwanza Juba litakuwa vitalala wapi.

Kwa anayerudi Gumbo na kitu mkononi, mambo machache ya mpakani. Pembe za ndovu na ngozi za chui zinaonekana mara nyingine kwa wachuuzi, na atakayekamatwa nazo Elegu au Malaba atajibu kesi ya jinai, hata akisema ni kumbukumbu. Kitu cha kale, kigoda cha ukoo au mkuki wenye historia, kisinunuliwe kwa mtu asiyeweza kueleza kimetoka kwa nani, kwa sababu hivyo ndivyo Sibiu na Oxford zilivyojaa. Milaya, shanga na uchongaji mpya ni bidhaa halali. Pata risiti yenye jina la muuzaji, tarehe na bei, hata kama ameiandika kwa mkono kwenye karatasi ya daftari, na uitangaze kazi hiyo kuwa ya mikono. Utaratibu wa biashara rahisishi wa Jumuiya unagusa mizigo isiyozidi dola 2,000 za Marekani kwa bidhaa zilizo kwenye orodha, kwa hiyo muulize ofisa wa dawati la taarifa mapema kama kazi za mikono zimo katika orodha inayotumika mpaka unaouvuka, kabla tela halijafika kwenye geti.

Bodaboda kutoka mjini hadi Gumbo zipo mpaka jioni. Giza likiingia madereva wengi hawapendi kuvuka daraja, na nauli hupanda.